Mshauri Nasaha Aliyejiajiri na Wenzake

Mshauri nasaha aliyefungua ofisi yake mwenyewe anafanya biashara isiyoweza kusimuliwa jioni. Fundi cherehani aliyesumbuliwa na mteja huwaeleza mafundi wenzake wa barazani, wakacheka, yakaisha. Mwenye duka humpigia mwenzake wa mtaa wa pili kuuliza bei ya unga. Mshauri nasaha ameshinda akisikiliza habari za mtoto aliyekufa maji, za ndoa inayovunjika, za kijana asiyetaka tena kuishi, na akishafunga mlango hana ruhusa ya kumweleza mtu, awe mume, mke, au rafiki wa kanisani au msikitini. Anachouza kimesimama juu ya usiri. Upweke wa kazi hii basi umo ndani ya kazi yenyewe, na mtu mwenye marafiki tele anaupata sawa na mtu mkimya. Dawa yake ni jamii ya wenye kazi ileile, iliyojengwa kwa makusudi, yenye kanuni zinazomlinda hata yule asiyekuwapo mkutanoni, yaani mteja.

Kenya ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu huko taaluma imekua haraka kuliko ajira zake. Kituo cha ushauri nasaha cha Amani kilianzishwa Nairobi mwaka 1979, enzi ambayo mtu aliyeelemewa alimwendea padri, sheikhe, mzee wa ukoo au mganga, na saikolojia ilionekana kuwa mambo ya vitabuni. Kisha ukaja mlipuko wa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, katika ubalozi wa Marekani katikati ya jiji. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao machoni, kwa kuwa walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza na vioo vikawapasukia. Washauri wachache waliokuwapo walijikuta wakihudumia mji mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vya kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari vilienea nchini, na kila kituo kilihitaji mtu wa kuzungumza na anayepimwa kabla ya majibu na baada yake. Wakenya wengi walipata mafunzo yao ya kwanza ya ushauri huko. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,000 na kuwatoa mamia ya maelfu makwao, zilionyesha tena ukubwa wa haja hiyo. Vyuo vikuu kama Daystar na USIU vikawa vinatoa shahada za saikolojia ya ushauri, na mwaka 2014 ikapitishwa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia.

Nafasi za kazi hazikufuata kasi hiyo. Hospitali za umma huajiri wachache, mashirika huajiri mpaka mradi uishe, na shule nyingi humbebesha kazi ya ushauri mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake vya hisabati au Kiswahili. Mhitimu aliyebaki nje hutafuta chumba.

Chumba chenyewe mara nyingi ni cha kukodi kwa saa, katika nyumba ya makazi iliyogeuzwa ofisi huko Hurlingham au Kilimani, Nairobi. Kuna viti viwili vilivyokaa kwa pembe ili mteja asilazimike kukutana macho na mshauri kila mara, meza ndogo, boksi la tishu, na saa ya ukutani iliyotundikwa nyuma ya kiti cha mteja ili mshauri aione bila kugeuza shingo. Kikao huchukua dakika 50. Dakika 10 zinazobaki ni za kuandika kumbukumbu, kufungua dirisha, na kuhakikisha anayetoka hakutani mlangoni na anayeingia, maana huenda wanajuana. Mteja wa saa nne amekwisha lipa kwa M-Pesa. Wa saa tano hajatokea na simu yake haipatikani. Kodi ya saa hiyo italipwa vilevile. Mshauri hubaki ameketi peke yake katika chumba alichokilipia, na maswali mawili yanamjia kwa pamoja: yule mteja yu salama? Na kodi ya mwezi huu itatimia? Maswali hayo mawili ndiyo yanayomtafuna mshauri aliyejiajiri, na kila moja linataka msaada wa namna yake. Makundi mengi ya washauri huvunjika kwa sababu yalijaribu kuyajibu yote mawili katika kikao kimoja.

Hesabu ya biashara hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa na wanaoitazama kwa nje. Mtu hawezi kufanya vikao 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, akabaki na sikio zima la kusikiliza. Ichukuliwe wiki ya vikao 20, ambayo kwa wengi ni wiki iliyojaa. Wateja 4 wakikosa kuja, moja ya tano ya mapato imepotea na gharama zimebaki palepale. Iondolewe kodi ya chumba, ada ya usajili, mafunzo ya kujiendeleza, na malipo ya msimamizi wa kitaaluma, kisha yahesabiwe majuma ya sikukuu na ya kufungua shule, ambapo wateja hupungua kwa kuwa fedha zimekwenda kwingine. Chuoni mhitimu alifundishwa nadharia za Carl Rogers na Aaron Beck, namna ya kunyamaza kwa manufaa, na namna ya kuzitambua dalili za sonona. Hakufundishwa namna ya kumdai mtu ambaye sasa hivi alikuwa analia mbele yake.

Shida ya mshauri anayefanya kazi peke yake ina umri mrefu kama taaluma yenyewe. Katika vuli ya mwaka 1902 Sigmund Freud, daktari wa mishipa ya fahamu aliyeishi kwa ada za wagonjwa wake jijini Vienna, aliwaandikia kadi madaktari wanne: Alfred Adler, Wilhelm Stekel, Max Kahane na Rudolf Reitler. Fikra ya kukutana ilikuwa ya Stekel. Wote watano walikuwa matabibu wa aina yake, wanaofanya kazi mbali na usalama wa cheo kikubwa cha chuo kikuu, na mawazo yao yalikuwa yakidharauliwa na wakubwa wa taaluma. Wakawa wanakutana kila Jumatano usiku katika chumba cha kungojea cha Freud, Berggasse namba 19. Mmoja alisoma makala au kueleza mgonjwa, kukawa na mapumziko ya kahawa, keki na sigara, kisha majina yakachotwa kutoka chomboni kuamua nani aseme kwanza. Kila aliyehudhuria alilazimika kusema.

Kanuni hiyo ya kusema kwa lazima inastahili kutazamwa kwa makini. Kwa watu watano ilikuwa na faida kubwa: hakuna aliyekuja kunywa kahawa na kuchuma mawazo ya wenzake huku ya kwake ameyafungia. Tangu 1906 Otto Rank aliajiriwa kuwa katibu na kuandika kumbukumbu, na idadi ikaendelea kuongezeka. Kundi lilipokuwa la watu ishirini hivi, lazima ileile ikawa mzigo. Watu walisema ili waonekane wamesema, na maneno makali yakaongezeka. Mwaka 1907 Freud alitangaza kulivunja kundi na kuliunda upya papo hapo, ili asiyetaka kuendelea aondoke kimya bila kumkosea mtu. Mwaka 1908 kusema kukawa kwa hiari, na kundi likachukua jina rasmi la Chama cha Saikoanalisia cha Vienna. Ule mlango wa kutokea bila aibu ulikuwa jambo la busara kubwa, na kundi lolote la washauri lingefaa kuwa nao tangu siku ya kwanza.

Busara hiyo haikudumu. Kundi lilikuwa na baba mmoja, na neno la baba ndilo lililokuwa la mwisho. Adler, mwenye kazi yake jirani na bustani ya Prater, alipoanza kueleza nafsi ya binadamu kwa njia isiyoanzia kwenye tamaa za mwili kama alivyotaka Freud, mjadala uligeuka kuwa mashtaka. Mwaka 1911 alijiuzulu, wanachama kadhaa wakamfuata, na waliobaki wakaambiwa hawawezi kuwa kwa Freud na kwa Adler kwa wakati mmoja. Watu waliokuwa wakipelekeana wagonjwa na kusomeana makala wakaacha kusalimiana. Makundi madogo ya washauri hufa kwa ugonjwa huohuo hadi leo: mwanzilishi mmoja mwenye sifa, wafuasi wanaomtegemea awapelekee wateja, na siku anapopingwa hakuna utaratibu wa kuamua bila kuvunjana.

Berlin ilichukua njia nyingine. Kliniki iliyofunguliwa huko mwaka 1920 na Max Eitingon na Karl Abraham ilihudumia hata wasio na uwezo wa kulipa, na katika miaka iliyofuata ikafanya iwe sharti kwa mwanafunzi kumhudumia mgonjwa chini ya jicho la mwenye uzoefu. Usimamizi wa kitaaluma unaojulikana leo, ambao KCPA, chama cha washauri nasaha nchini Kenya, huwahimiza wanachama wake waufuate, umetoka katika mkondo huo. Mshauri humwendea msimamizi wake kwa wakati uliopangwa, humweleza kazi anayoifanya na mahali alipokwama, na msimamizi husikiliza pia kile ambacho mshauri hakisemi: kwamba mteja fulani anamkumbusha dada yake, au kwamba tangu mwezi jana anaomba moyoni mteja mwingine asije.

Usimamizi wa mmoja kwa mmoja una gharama, na kwa aliyeanza biashara juzi gharama hiyo huuma. Hapo ndipo kikao cha wenza kinaponufaisha. Mfano uliokomaa zaidi ni ule ulioanzishwa London katika miaka ya 1950 na Michael Balint pamoja na mkewe Enid katika kliniki ya Tavistock. Walikutana na madaktari wa kawaida wa mitaani kila wiki kuzungumza kuhusu wagonjwa waliowatatiza, na mwaka 1957 Balint akatoa kitabu juu ya daktari, mgonjwa wake na ugonjwa. Kikao cha namna hiyo kinavyoendeshwa leo ni rahisi kueleza na kigumu kutimiza. Mmoja husimulia habari ya mteja mmoja kwa dakika kama 10, bila kusoma faili. Wenzake huuliza maswali ya ukweli tu: umri, muda wa vikao, nani alimleta. Kisha msimulizi husogeza kiti nyuma kidogo na kunyamaza, na wenzake huzungumza wao kwa wao juu ya alichowafanya wahisi mteja huyo na alivyoonekana mshauri wake. Msimulizi haruhusiwi kujitetea. Hatimaye hurudi kwenye duara akasema kilichomgusa, na hapo mazungumzo hufungwa bila kura na bila agizo.

Ugumu upo katika kujizuia kushauri. Watu waliofundishwa kusikiliza wateja hushindwa haraka kusikilizana wenyewe. Mara mmoja atasema yeye angefanya hivi, mwingine atataja mafunzo aliyoyapata ng'ambo, na msimulizi ataondoka akijiona mwanafunzi aliyefeli. Mwendeshaji wa zamu, anayebadilika kila mwezi, kazi yake kuu ni kukata maneno ya aina hiyo mapema na kwa upole.

Siri ya mteja ndiyo inayobeba kikao kizima, na si jina peke yake linalofichua. Katika mji mdogo kama Lamu au Voi, kusema kwamba mteja ni mwalimu mkuu wa kike mwenye watoto pacha ni sawa na kumtaja. Msimulizi hubadilisha kazi, idadi ya watoto, hata jinsia inapowezekana, akibakiza kile kinachohitajika kulielewa tatizo. Ikiwa mwenzake mmoja amekwisha mtambua mtu huyo, husema papo hapo kwamba anamfahamu, hutoka nje, na hakuna anayemuuliza zaidi. Kabla ya hayo yote, mteja mwenyewe huelezwa tangu kikao cha kwanza, kwa maandishi anayotia saini, kwamba mshauri wake hupokea usimamizi na kwamba habari zake zinaweza kuzungumzwa huko bila yeye kutambulishwa. Mtu anayelipa ada ana haki ya kujua maneno yake yanafika wapi.

Kundi la WhatsApp ni jambo jingine kabisa, na washauri wengi wamelizoea kupita kiasi. Tangu Machi 2020, Uviko-19 ulipoingia Kenya na vyumba vikafungwa, kazi nyingi ya ushauri ilihamia kwenye simu na video. Faida yake haikuwa ndogo: mshauri wa Garissa au Lodwar aliweza kukaa katika kikao cha wenza pamoja na wa Nairobi bila kulala safarini. Lakini ujumbe ulioandikwa unabaki. Swali linalotumwa usiku, lenye umri wa mteja, mtaa wake na dawa anazokunywa, linaingia katika simu za watu mia mbili, na baadhi ya simu hizo huchezewa na watoto nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kulindwa kwake ni wajibu wa aliyezipokea. Kundi la simu linafaa kutangaza mkutano, kutafuta chumba, au kuuliza nani anahudumia watoto wenye usonji upande wa Thika. Habari ya mteja haipiti hapo kamwe, hata ikiwa imefichwa jina.

Swali la pili, la fedha, lina kikao chake na siku yake. Washauri wengi huona haya kulizungumza, na haya hiyo ina chanzo. Ushauri uliingia Afrika Mashariki kwa milango ya kanisa na ya miradi ya wafadhili, na katika milango hiyo miwili aliyehudumiwa hakulipa. Mshauri aliyelelewa huko hujihisi mchoyo anapotaja ada, basi huipunguza kabla hajaombwa, husamehe kikao kilichokosekana, na baada ya miaka miwili hufunga ofisi akiamini kwamba biashara haimfai. Angesikia wenzake wakisema wamepitia hayohayo, angejua kosa lilikuwa katika utaratibu wake na linarekebishika.

Wakenya hawana haja ya kuagiza mfano kutoka ng'ambo kwa kazi hii, kwa sababu chama cha kuweka na kukopeshana kinajulikana kila mtaa, kama kikoba kinavyojulikana Tanzania. Washauri 8 wakichanga kila mwezi wanaweza kukodi nyumba moja ya vyumba vitatu kwa mkataba wa mwaka na kugawana saa zake, badala ya kila mmoja kulipia saa moja moja kwa bei ya juu. Wanaweza kumlipa karani mmoja wa kupokea simu, kukumbusha miadi siku moja kabla na kudai malipo, kazi ambayo humwondolea mshauri ule ugumu wa kushika boksi la tishu kwa mkono mmoja na risiti kwa mwingine. Wakijisajili kuwa kampuni, wanaweza kuomba mkataba wa kuhudumia wafanyakazi wa benki au kiwanda, kitu ambacho mshauri mmoja mwenye saa 20 kwa wiki hawezi kukitimiza peke yake.

Sehemu ya mchango huwekwa kando kwa ajili ya siku ambazo mshauri hafai kumwona mteja. Aliyefiwa na mzazi wiki hii hawezi kukaa na mjane saa nzima akamsikia vizuri. Aliyejifungua, anayeuguliwa na mtoto, au aliyempoteza mteja kwa kujiua anahitaji kupumzika. Aliyeajiriwa hupewa likizo. Aliyejiajiri hana wa kumpa, na bila mfuko atarudi kazini siku ya tatu kwa sababu ya kodi. Kwa mtazamo wa usalama wa wateja, mfuko huo una uzito sawa na usimamizi wenyewe.

Kuna mpaka mmoja wa kisheria. Kundi linaruhusiwa kuzungumzia gharama, kufundishana kutunza hesabu, na kusaidiana kuandika sharti la kughairi miadi. Kukubaliana bei moja ambayo hakuna wa kushuka chini yake ni jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inalikataza, hata kwa vyama vya kitaaluma. Kila mshauri hupanga ada yake, na kundi humsaidia kuipanga akiwa na hesabu mkononi. Wengine hutenga vikao viwili au vitatu kwa wiki kwa ada nafuu na kuvilinda visizidi, njia ya heshima ya kuwahudumia wenye kipato kidogo bila kujifilisi.

Kati ya kikao cha wateja na kikao cha fedha kuna rufaa, na hapa jamii ya washauri huonyesha thamani yake haraka. Hakuna mshauri anayeweza kila kitu. Anayejua huzuni ya msiba huenda hajui lolote la watoto, na anayeshughulika na walevi wa pombe na dawa za kulevya huenda akaharibu ndoa za watu akijaribu kuzishauri. Kundi lenye afya huwa na orodha iliyo wazi ya nani anafanya nini, kwa lugha zipi na katika mtaa gani, pamoja na majina ya madaktari wa magonjwa ya akili, kwa kuwa mshauri nasaha haandiki dawa. Orodha hiyo hujumuisha pia pa kumpeleka mgonjwa usiku, iwe hospitali ya kaunti au Mathari, hospitali ya akili iliyopo Nairobi tangu 1910. Kamisheni ya kumpeleka mteja kwa mwenzako ni sumu, kwani siku inapoanza kulipwa, mteja hupelekwa penye pesa badala ya penye ujuzi.

Hofu ya mteja kujiua ndiyo inayowalaza macho washauri kuliko nyingine zote. Kwa miaka mingi hofu hiyo ilikuwa na kivuli cha polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia zilificha, na mshauri alihofia kwamba kuomba msaada ni kumshtaki mtu wake. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Hatua hiyo imerahisisha kusema wazi, ila haimwondolei mshauri mzigo wa saa sita usiku ujumbe unapoingia. Makundi yaliyojipanga huwa na wawili wa zamu kila wiki, wanaopigiwa na mwenzao kwa sauti, bila jina la mteja, ili asiamue peke yake kama amwite ndugu wa mteja, gari la wagonjwa, au asubiri asubuhi.

Mganga hajigangi, na ushahidi wake umeandikwa. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyezaliwa Ujerumani na kuwakimbia Wanazi, alikuwa akimaliza wagonjwa wa ofisini kwake kisha akaenda kujitolea usiku katika kliniki ya bure. Mwaka 1974 alichapisha makala iliyoeleza uchovu aliouona kwa wafanyakazi wa kliniki na kwake mwenyewe: hasira za haraka, kichwa kuuma, kukosa usingizi, na kuwaona wanaohudumiwa kama mzigo. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa lililopitishwa 2019, linautaja uchovu huo kuwa jambo linalotokana na kazi, wala haliuiti ugonjwa. Aliye ndani yake huuona wa mwisho. Mwenzake anayekutana naye kila baada ya wiki mbili ndiye atakayegundua kwamba simulizi zake zimekuwa fupi, kwamba wateja wote siku hizi anawaita wakaidi, na kwamba hajala mchana tangu Jumatatu.

Kuanzisha kundi hakuhitaji mengi. Watu 6 hadi 8 wanatosha; wakizidi 10, wakimya humezwa. Wote wawe wamesajiliwa na bodi, au wawe wanafunzi walio chini ya msimamizi anayejulikana. Wachanganyike kwa uzoefu, maana kundi la wachanga watupu huishia kupeana hofu. Siku iwe moja isiyobadilika, na kanuni ziandikwe kurasa mbili na kutiwa saini: usiri, zamu ya uendeshaji, mchango, namna ya kumwonya mwenzao anayekiuka maadili kabla ya kumpeleka kwenye bodi, na namna ya kuondoka. Pawepo pia katazo la kuuziana. Baadhi ya makundi yameanza kwa maneno matamu ya kusaidiana, kumbe ni njia ya mwanzilishi kuwauzia wanachama kozi zake na vyeti vyake, na mshauri kijana aliyekuja kutafuta wenzake akaondoka na deni.

Kanuni ya mwisho kuandikwa, na inayosahaulika zaidi, ni ya mshauri anayefariki au kupoteza fahamu ghafla. Simu yake ina wateja wa kesho, kabati lake lina mafaili, na familia yake, ambayo haina haki ya kuyasoma, ndiyo iliyoshika funguo. Kila mwanachama humteua mwenzake mmoja kuwa wasii wa kitaaluma na kumwachia bahasha iliyofungwa inayoonyesha kabati liko wapi, orodha ya miadi inapatikana vipi, na nani katika familia wa kuonana naye. Wasii humpigia kila mteja yeye mwenyewe, humpa habari kwa maneno machache ya kweli, humuuliza kama angependa kuonana na mshauri mwingine, na humtajia majina mawili ya kuchagua. Gharama zake hulipwa na mfuko wa kundi. Mafaili hubaki chini ya kufuli kwake mpaka muda wa kuyahifadhi upite, kisha huharibiwa mbele ya wanachama wawili wanaotia saini.